Kigemu Kilichosimulia Mchana

Nina hasira, na ninaandika nikiwa nazo hivi hivi, maana zikipoa najijua, nitaanza kuwatetea watu. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya ipishe uendelee. Mjukuu wangu alisema, "Babu, we andika unavyoongea, mimi nitanyoosha." Nimemkatalia. Aliwahi kuninyooshea jambo moja, na hilo ndilo lililonifikisha hapa.

Mjukuu huyu ni binti wa mwanangu wa pili. Anasomea ualimu Kasulu, mimi niko huku Kibondo na mke wangu na maharage yangu. Siku moja alikuja likizo na kidude alichokiokota kwenye mitumba sokoni, ndani ya lundo la redio mbovu na chaja zisizo na wenyewe. Kidude cha kijivu, kinene kama kipande cha mche wa sabuni, kina kioo kidogo kisicho na taa na vitufe vichache, na nyuma unapachika kaseti. Kinakula betri mbili, zile za saa ya ukutani. Yeye alikiita gemu la mkononi. Mimi nikakiita kigemu, kwa sababu mtu mzima hawezi kulipa heshima ya jina zima dude la ukubwa ule.

Nikamuuliza, mbona wenzako wanacheza kwenye simu? Akasema magemu haya ya zamani ni matamu kwa kuwa yanaingilika. Ukijua njia unaingia ndani, unabadilisha maneno, unahamisha nyumba, hata watu unawageuza. Akasema duniani kuna watu wengi wanaifanya kazi hiyo bila kulipwa na mtu, wanachukua gemu ambalo waliolitengeneza wamekwisha kulisahau, wanalichakachua, halafu wanapeana. Yeye alijifunza kwao kupitia simu. Akanionyesha na mahali ambapo gemu linazingua lenyewe: ukimsukuma yule kijana wa ndani kwenye kona ya kushoto ya kisima huku unafungua mfuko wake, anazama ukutani, anatokea upande wa pili nusu mtu nusu tarakimu. Hapo nilicheka mpaka nikakohoa. Sikatai, nilicheka.

Lakini hasira yangu ya kwanza ilitoka hapo hapo. Yule kijana anatembea kijijini, anaingia nyumba za watu. Haombi hodi. Hasalimii. Anafunua vyungu, anafungua masanduku, anachukua, anatoka, na mwenye nyumba amesimama pale anamtazama na kutabasamu.

"Huyu mwizi," nikasema.

"Si mwizi, babu. Ndiye shujaa."

"Shujaa wa wapi? Mama yake hakumfundisha kupiga hodi?"

"Gemu zote ndivyo zilivyo, babu."

"Basi zote ni za wezi."

Alicheka, lakini naona neno lilimwingia. Alipofunga chuo tena alikuja na kaseti ileile, ila amekwisha kuibadilisha. Wanakijiji wa ndani wanasema Kiha. Ukimfikia mzee, lazima ubonyeze kitufe mara tatu, na yule kijana anainama, anakutanisha viganja, anapiga makofi polepole, kama sisi Waha tunavyomsalimia mkubwa. Usipofanya hivyo mzee anakupa mgongo, na hatakufungulia mlango mpaka kesho yake. Jambo hilo lilinipendeza kupita kiasi. Nilikaa barazani asubuhi nzima nabonyeza. Mke wangu alipita na ndoo akaniambia, "Unampigia makofi mtu asiyekuwepo, na mimi niliyepo hujaniamkia." Alikuwa na haki. Siku hizi hata hapa Kibondo kijana anakupita na pikipiki, vumbi anakuachia wewe, salamu anakuachia nusu: "Mambo, mzee." Mambo gani? Lakini nisipotee.

Mjukuu akataka zaidi. Akasema yule mzee wa ndani ya gemu hana cha kusema baada ya salamu, amesimama tu kama nguzo. Anataka awe anasimulia hadithi. Akataka umugani, kama Waha tunavyoiita hadithi, ule wa mama yangu wa msichana na mto, ambao nilimsimulia yeye alipokuwa mdogo na sikuwahi kuumaliza.

Sikuumaliza kwa sababu mwisho wake sina. Hadithi ile inaishia kwenye wimbo. Msichana amesimama ukingoni, maji yanamuuliza jambo, naye anajibu kwa kuimba, na jibu lake ndilo hadithi yenyewe. Mama aliuimba kila mara, na mimi kila mara nilikuwa nimelala. Nilipopata akili ya kukaa macho nilikwenda Tanga kukata mkonge, na niliporudi mama hayupo. Wimbo ukabaki kwa mtu mmoja, dada yangu, mkubwa wangu kwa kuzaliwa, aliyeolewa Kitanga. Sasa hivi kifua chake kimemchoka. Kutoka kisimani hadi nyumbani anasimama mara nne. Wimbo uko kwenye kifua hicho, hauko mahali pengine popote.

Na dada yangu ana sharti. Kwetu hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Mama alisema anayesimulia mchana huota mkia. Watoto tulikuwa tunacheka tukipapasana makalio, lakini sijawahi kumsikia mama akisimulia mchana hata mara moja, hata siku za mvua ambapo hakuna kazi na watu wote wako ndani. Hata hapa siisimulii, maana sijui wewe unasoma saa ngapi. Dada analishika sharti hilo kuliko wengine wanavyoishika Jumapili.

Tulikwenda kwake, mimi na mjukuu. Nikapiga makofi yangu, tukakaa. Mjukuu akamweleza. Dada akasikiliza, akauliza swali moja tu.

"Hicho kidude kitasimulia mchana?"

"Hapana, bibi," mjukuu akasema. "Kaseti ina saa ndani yake, ina kabetri kadogo, inajua mchana na usiku. Nitamfunga mdomo yule mzee. Mtu akimwendea jua likiwaka atamwambia rudi jua likizama."

"Na wakilazimisha?"

"Hawezi kusema."

Dada akanitazama mimi, hakumtazama yeye. Akasema, "Kiletwe kikiwa tayari. Nitakijaribu mimi mwenyewe mchana. Kikinyamaza, jioni yake nitauimba, binti auandike. Kikisema, msije tena na habari hii." Nikakubali mimi, kwa mdomo wangu, kama mdhamini.

Mjukuu akafanya kazi, akaitia hadithi mpaka pale mtoni. Kuandika ndani ya kaseti si jambo la kufanya mezani kwako, panahitajika kifaa, na kifaa kilikuwa kwa fundi mmoja Mkongomani wa kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anayetengeneza simu na redio. Fundi akaiandika kaseti, akatia na kabetri kapya ka saa. Mjukuu akaijaribu siku tatu chuoni, mchana na jioni. Ikanyamaza panapotakiwa, ikasema panapotakiwa. Yeye alikuwa na mitihani, kwa hiyo akanikabidhi mimi kidude stendi ya Kasulu asubuhi, nikipeleke Kitanga, yeye angenifuata jioni baada ya kumaliza karatasi. Akakimbilia chuoni.

Nikakaa pale stendi nangoja pikipiki ya bei ya kikristo. Nikasema ngoja nikiangalie, kiko sawa? Nikawasha. Sasa vidole vyangu hivi vimeshika jembe na panga la mkonge, kitufe cha ukubwa wa punje ya mahindi hakivijui. Nikabonyeza pasipotakiwa, kikaanza upya kabisa, toka mwanzo. Haikunitisha. Kikaniuliza jina, nikaacha lile lililokuwepo. Kisha kikaniuliza, kwa Kiswahili safi alichokitia mjukuu wangu mwenyewe: Sasa ni saa ngapi?

Nikatazama saa ya mtu wa tiketi. Saa mbili asubuhi na dakika chache. Nikaweka mbili. Kikashukuru, nikazima, nikapanda pikipiki.

Nilifika kwa dada saa nne haijatimia. Jua limeshika, anga jeupe, wanawake wawili wa jirani wamekaa naye uani wanachambua maharage. Nikasalimia wote. Dada akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akapokea kidude kama mtu anayepokea kuku kuona kama ana nyama. Nikamwonyesha mzee wa ndani na kitufe cha makofi. Niliona kioo kimefifia, watu wa ndani kama wamo kizani, nikajua ni macho yangu, maana kidude chenyewe hakina taa na jua lilikuwa linakipiga. Dada akabonyeza mara tatu kwa kidole kimoja, taratibu. Maneno yakatokea. Yeye hajui kusoma, akampa jirani yake mdogo, aliyemaliza la saba.

"Nisomee. Kinasema nirudi jioni?"

Yule mama akasoma kwa sauti, kama wanavyosoma watu wa la saba, neno baada ya neno. Hakusoma rudi jioni. Alisoma neno la kwanza la umugani wa mama yetu. Akasoma la pili. Alikuwa hajui ni kitu gani, kwa hiyo akaendelea, na sentensi nzima ikatoka pale uani, jua kichwani, kuku wanatembea katikati yetu.

Nikampokonya kidude. Nilichelewa.

Yule jirani mwingine, mtu wa mzaha, akasema, "Haya, shikeni nguo nyuma, mikia inakuja." Hakuna aliyecheka ila yeye. Dada alikuwa amekwisha kusimama.

"Mdogo wangu," akasema, "uliniambia kimefungwa mdomo."

"Kimefungwa, dada. Sijui kimekuwaje."

"Hujui. Na ulinidhamini usichokijua."

"Kinazingua tu, dada, hivi vidude huwa..."

"Nenda nacho."

Aliingia ndani akarudishia mlango. Hakuubamiza. Angeubamiza ningejisikia nafuu. Nikabaki na wale wawili na ungo wa maharage, nikaona aibu inageuka hasira, na hasira ikitafuta mtu. Sikuitafutia mbali. Nikasema, fundi.

Nilikodi pikipiki mpaka kwa yule Mkongomani. Njiani nilikuwa nayapanga maneno. Nikamkuta mezani kwake, simu imefumuliwa mbele yake, miwani ya kukuzia kwenye jicho moja. Sikuomba hodi. Ndiyo, mimi niliyewaita wale wa ndani ya gemu wezi, niliingia hivyo hivyo.

"Umetia saa mbovu kwenye kaseti ya mtoto wangu. Umenivunjia nyumba."

"Papa, kaa kwanza."

"Sikai. Dada yangu amenifungia mlango kwa ajili ya kabetri kako ka bei rahisi."

"Bon. Kaa, ama simama, lakini leta mashine."

Akakiwasha. Akatazama, akabonyeza huku na huku. Akatazama saa ya mkononi mwake. Akatazama tena kidude. Akavua ile miwani.

"Papa, hii masaa ni nani alitia?"

"Niliulizwa, nikajibu."

"Ulijibu ngapi?"

"Mbili. Ilikuwa saa mbili asubuhi, muulize mtu wa tiketi."

Hakucheka. Namshukuru mpaka leo kwa hilo, ingawa siku ile sikumshukuru kwa lolote. Akasema, "Papa, mashine haiko Muswahili. Yeye anahesabu kuanzia katikati ya usiku. Kwa yeye, mbili ni watu wote wamelala. Jua kwa yeye linatoka saa sita. Saa yangu inatembea muzuri sana. Ni weye ulimupa usiku."

Nikakaa.

Naomba nieleweke hapa, maana watu nikiwasimulia wanaanza kutabasamu kabla sijamaliza. Niliulizwa kwa Kiswahili. Nikajibu kwa Kiswahili. Tangu nizaliwe, na baba yangu kabla yangu, jua likichomoza tunaanza kuhesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Saa mbili ni saa mbili. Yule binti aligeuza maneno yote ya gemu, salamu akaziweka sawa, makofi akayaweka sawa, Kiha cha bibi zake akakiandika vizuri mpaka nikajivuna, halafu akaacha saa za ndani zikibaki za huko huko zilikotoka, na juu yake akaandika swali la kwetu. Na alipojaribu yeye siku tatu chuoni alijibu kwa hesabu ya mashine, kwa sababu ameizoea. Hakuwaza kwamba mtu atakayeulizwa anaweza kuwa mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Gemu lote alilitengeneza kwa maneno yangu, na hakuniwazia nikiwa nimekishika kidude.

Nikampigia simu akiwa ametoka tu kwenye mtihani. Nikamweleza. Akacheka kwa pumzi moja, kisha nikasikia amekaa chini.

"Babu, nisamehe. Nilisahau kabisa."

"Umesahau saa? Saa anasahau nani?"

"Si saa, babu. Nilisahau kwamba..." Hakumaliza. Kisha akatoa jingine, kwa sauti ndogo. Alikuwa amewapa wenzake wa chuo gemu lile walitie kwenye simu zao, walione. Wao hawana shida ya saa, wanaisukuma mbele kwa makusudi, wakitaka usiku wanaupata saa saba mchana. Na kwa kuwa hadithi inakatikia mtoni, wakadhani gemu limezingua pale. Mmoja akalitengeneza. Akaandika mwisho wake.

"Mwisho gani?"

"Msichana anapata gunia la dhahabu, babu. Anajenga ghorofa Kigoma mjini."

Nilikata simu. Ghorofa. Mama yangu alikufa kwenye nyumba ya nyasi akiujua mwisho wa hadithi yake, na kijana mmoja mwenye simu ya kioo kilichopasuka anampa ghorofa.

Nikarudi Kitanga alasiri ile ile. Sikutaka kulala na jambo hilo. Dada alikuwa amekaa kizingitini na mwiko mkononi. Nikapiga makofi, akayaitikia, maana salamu hainyimwi. Nikamwambia yote, sikuacha kitu: kitufe, mtu wa tiketi, saa mbili, fundi. Nikamwambia na la ghorofa. Nilitegemea atasema, basi mdogo wangu, kumbe si wewe, ni mashine.

Akauliza, "Kidude kilipokuwa kinadhani ni usiku, kioo kilikuwaje?"

"Cheusi cheusi. Nilidhani ni macho yangu."

"Na jua lilikuwa wapi?"

"Juu, dada."

"Basi wewe uliona giza ndani ya mkono wako na jua juu ya kichwa chako, na hukuuliza. La saa nimelisikia, mtoto amekosea, atajifunza. Wewe ulikuwa mdhamini."

Hakuna kinachoniudhi kama kuambiwa kweli na mtu aliyekuwa ananibeba mgongoni.

"Huyo mwenye ghorofa," akasema, "ameniudhi kuliko wewe. Nikifa leo, ghorofa ndiyo itabaki. Binti aje. Nitamwimbia yeye. Kwenye kidude hautaingia, na yeye ataapa hivyo. Wewe utakaa nje."

"Nje, dada? Ni wimbo wa mama yangu pia."

"Ulikuwa unalala. Sasa utakaa nje."

Mjukuu alifika jua linazama, na viatu vya chuo vimejaa vumbi jekundu. Wakaingia. Mimi nikakalia kinu kilichopinduliwa, mita chache tu toka mlangoni, mzee wa miaka yangu, nimetolewa kama mbuzi anayeonja unga. Nikasikia dada anakohoa, nikasikia anaanza hadithi toka mwanzo, yote ninayoijua, mpaka mtoni. Pale mtoni akashusha sauti. Nikanyanyuka kidogo, kiwiliwili tu, miguu sikuisogeza.

"Nimesikia kinu kimelia," akasema toka ndani. "Kaa."

Nikakaa. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Nilipata sauti yake ikipanda na kushuka, neno sikupata hata moja. Mjukuu alirudia mara nyingi, dada akimkatiza, akimrudisha, na mara moja wote wawili wakacheka kwa jambo ambalo sitalijua.

Kulipokucha tuliondoka. Pikipiki ilikuwa moja, tukapanda mishikaki, dereva mbele, binti katikati, mimi nyuma nimeshika chuma. Sikumsemesha. Nilikuwa nimekasirika naye, na dada yangu, na mwenye ghorofa, na aliyeamua kwamba siku ianze usiku wa manane wakati hakuna hata jogoo aliye macho. Tulipopita mabonde ya mwanzo, hewa bado ya baridi, nikamsikia binti anaimba kitu puani taratibu, kinapanda, kinashuka. Kisha akakumbuka niko nyuma yake, akanyamaza.

Nikamwambia dereva apunguze mwendo. Nilifikiri labda tukichelewa kufika atasahau tena kwamba niko nyuma yake. Hakusahau.